Albinen, Rivaz, Avers au Verzasca: Kijiji Kipi cha Uswisi Kinakufaa?

Taja neno manispaa mbele ya mtu wa Dar es Salaam, na kichwani mwake inakuja Temeke: watu zaidi ya milioni moja na laki tatu kwa sensa ya 2022. Uswisi neno hilohilo limebeba kitu kingine kabisa. Kammersrohr, katika jimbo la Solothurn, ni manispaa kamili yenye viongozi wake na bajeti yake, na wakazi wake ni kama 30. Wote wangeenea kwenye daladala moja, na konda bado angeita abiria wengine.

Mwanzoni mwa 2024 nchi ile ilikuwa na manispaa 2,131. Mwaka 1850 zilikuwa 3,203. Zinapungua kwa sababu zinaungana, na zinaungana kwa sababu nyingine zimebaki na wazee watupu. Hata hivyo zilizobaki zina nguvu ambayo mgeni haitarajii. Kodi ya mapato hulipwa kwa ngazi tatu, shirikisho, jimbo na manispaa, hivyo kuvuka kijito tu kunaweza kubadilisha unachokatwa. Uraia nao unapitia mlango wa manispaa. Na hili ndilo linalonifurahisha zaidi: pasipoti ya Mswisi haiandiki mahali alipozaliwa, inaandika manispaa ya asili yake, hata kama ni babu wa babu aliyeondoka huko. Sisi tunaouliza "kwenu wapi?" kabla hata ya kuuliza jina tunawaelewa vizuri.

Ulinganisho huu ni wa Waswahili walioko tayari Uswisi, walio Geneva, Basel, Zürich au Bern, ambao kodi ya nyumba imewachosha na wameanza kuangalia vijijini. Nimechagua vijiji vinne visivyofanana hata kidogo. Yule anayetaka tu kwenda kulala siku mbili na kupiga picha naye atapata chake.

Vigezo kwanza

Watu wengi huanza na swali la idadi: wakazi wangapi? Mimi naliweka la pili. La kwanza ni ardhi, maana mteremko, jua na mwinuko ndivyo vinavyoamua nani alibaki, nani aliondoka na basi linapita mara ngapi. Baada ya ardhi na watu, angalia lugha ya shule na ofisi, njia ya kufika, na mwisho karatasi: kibali chako kinakuruhusu nini, na ukishakaa miaka kadhaa je, utakuwa na kura pale kijijini.

| Kijiji | Jimbo | Mwinuko | Watu | Lugha |
|---|---|---|---|---|
| Albinen | Valais | kama mita 1,300 | kama 240 | Kijerumani |
| Rivaz | Vaud | juu kidogo ya Ziwa Geneva (mita 372) | mia tatu na ushee | Kifaransa |
| Avers | Graubünden | kijiji chake cha Juf, mita 2,126 | chini ya 200 | Kijerumani |
| Verzasca | Ticino | vijiji vyake: Corippo mita 558, Sonogno mita 918 | kama 800 bonde zima | Kiitaliano |

Ardhi

Albinen imebandikwa kwenye mteremko juu ya mji wa Leuk, nyumba za mbao zilizokolea weusi kwa jua la miaka mingi. Valais ni jimbo kavu. Milima imelizunguka na kuzuia mvua, ndiyo maana wakulima wake tangu zama za kati walichimba mifereji ya kuleta maji kutoka kwenye barafu, wakiyapitisha hata kwenye kuta za magenge. Mchaga akiiona atasema huu ni mfongo. Upande wa pili kuna Leukerbad, mji wa chemchemi za maji moto, na kati ya vijiji hivi viwili kuna genge. Watu wa Albinen walikuwa wakilipanda kwa ngazi nane za mbao zilizoegemezwa kwenye mwamba, na mizigo mgongoni. Ngazi zipo hadi leo. Kwa mwenye kizunguzungu, barabara ipo.

Rivaz ni kinyume chake. Eneo lake lote ni kilomita ya mraba 0.32 hivi, yaani shamba la ekari 80, na linahesabiwa miongoni mwa manispaa ndogo kabisa nchini kwa eneo. Karibu kila mahali pasipo na nyumba pana mzabibu, juu ya matuta yenye kuta za mawe ambayo watawa walianza kuyajenga tangu karne ya 11 na 12. Hii ni sehemu ya Lavaux, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2007. Wenyeji husema mizabibu yao ina majua matatu: la angani, linaloakisiwa na ziwa, na linalotunzwa na kuta za mawe hadi usiku. Ni usemi wa wauza mvinyo, lakini ukikaa kwenye ukuta jioni ya Septemba utaona mgongo wako unakubali. Ila ujue kwamba uzuri huo umefungwa kwa sheria. Mwaka 1977 wapiga kura wa Vaud waliamua Lavaux ilindwe, kwa hiyo nyumba mpya huzipati, na za zamani zina bei ya ziwa.

Avers ni bonde la juu kabisa, kilomita za mraba kama 93. Mwisho wake ni Juf, kijiji kinachotajwa kuwa cha juu kuliko vyote Ulaya ambavyo watu wanaishi mwaka mzima. Mita 2,126 zinakaribiana na Limuru, ila Limuru ina chai na Juf haina hata mti. Pale juu mti hauoti. Kwa karne nyingi watu wa bonde hili walikata samadi ya kondoo vipande, wakavikausha kwa kuvipanga nje ya nyumba, wakavitia kwenye jiko badala ya kuni. Ukitaka kuelewa neno "ardhi" linabeba nini huko, anzia kwenye samadi hiyo. Kuna majani kwa mifugo, kuna maji, kuna upepo. Mengine yote hupandishwa kutoka chini.

Verzasca, karibu na Locarno, ni bonde jembamba la mawe lenye mto wa kijani unaovutia mno kwenye picha. Mlangoni pake ulijengwa ukuta wa bwawa la umeme wenye kimo cha mita 220, uliokamilika mwaka 1965. Nyumba za zamani ni mawe matupu, na paa lake pia ni vibao vya mawe. Kwa mwinuko ni mahali pa chini, na jua la Ticino ni la kusini mwa Alpi, lakini kuta za bonde hulinyima jua wakati wa baridi. Mto nao si wa mchezo: maji ni baridi sana na yana mikondo, na watu wamekufa humo.

Watu

Hapa ndipo hesabu inapochekesha. Rivaz ina zaidi ya watu 1,000 kwa kilomita ya mraba, kwa kuwa mia tatu na ushee wamebanana kwenye ekari 80. Avers haifikishi watu wawili kwa kilomita ya mraba. Zote mbili takwimu zinaziita "manispaa ndogo".

Juf yenyewe ina watu kama 30. Walioingia bonde la Avers mwishoni mwa karne ya 13 na kuendelea walikuwa Walser, na jina lenyewe linasema walikotoka: Wallis, yaani Valais, jimbo lilelile la Albinen. Zama hizo Valais ya juu ilijaa watu hadi wakamwagika, wakavuka vilele na kwenda kulima mahali ambapo hapana mtu aliyepataka. Mabwana wa ardhi waliwapa uhuru na haki ya kurithisha mashamba, kama malipo ya kuishi kwenye theluji. Ndiyo maana Avers inasema Kijerumani ilhali majirani zake wa asili ni wa Kiromanshi na Kiitaliano.

Sasa igeuze hadithi hiyo. Miaka mia saba baadaye Valais hiyohiyo, iliyokuwa ikimwaga watu, inawatafuta. Mwaka 2017 vijana wa Albinen walipeleka ombi kwa uongozi wa kijiji: familia zinaondoka, watoto wamekwisha, fanyeni kitu. Tarehe 30 Novemba mwaka huo wanakijiji walikutana kwenye mkutano mkuu, 71 wakasema ndiyo na 29 wakasema hapana, kwamba kijiji kiwape wanaohamia faranga 25,000 kwa kila mtu mzima na 10,000 kwa kila mtoto.

Habari hiyo ilizunguka dunia ikiwa imekatwa mkia. "Uswisi inakulipa uhamie!" Nafikiri hata wewe ulitumiwa na binamu. Mkia uliokatwa ni huu: uwe na umri chini ya miaka 45, ununue, ujenge au ukarabati nyumba ya thamani isiyopungua faranga 200,000, uishi humo kama makazi yako makuu, ukiondoka kabla ya miaka 10 unarudisha pesa. Na mgeni awe na kibali cha C mkononi, yaani cha ukaazi wa kudumu. Kwa mtu aliyeko Mwanza au Mombasa fedha hizo hazipo. Kwa nesi wa miaka 36 aliyekaa Bern miaka kumi, ana C, mume na watoto wawili, ni faranga 70,000 halali.

Verzasca ilipita njia nyingine. Corippo ilikuwa na watu karibu 300 katikati ya karne ya 19, 22 mwaka 2000, na ilipofika mwisho hawakuzidi 15. Ilikuwa manispaa ndogo kuliko zote Uswisi kwa idadi ya watu. Tarehe 18 Oktoba 2020 ikaungana na jirani zake na kuwa manispaa moja ya Verzasca. Nyumba zake za mawe zilizokaa tupu zikatengenezwa kuwa vyumba vya hoteli moja iliyotawanyika kijiji kizima, ikafunguliwa 2022. Mtu asidhani bonde hili lilianza kukimbiwa juzi. Umaskini wake ni wa zamani: wavulana wadogo walikuwa wakipelekwa Italia, hadi Milano, kufagia mabomba ya moshi, maana miili yao ilipenya pale mtu mzima hapenyi. Waliobaki walihamahama kila mwaka, baridi wakishuka tambarare karibu na Locarno, kiangazi wakipanda na mifugo.

Rivaz haina mkasa wa kusimulia hapa. Wakulima wa mizabibu wapo, wafanyakazi wa Lausanne na Vevey wapo, na kijiji kiko karibu mno na mji kukosa watu.

Lugha

Msemaji wa Kiswahili aliyetoka Bukavu, Bujumbura au Kigali mara nyingi amekuja na Kifaransa chake. Huyo Rivaz atafungua barua ya manispaa na kuielewa siku ya kwanza. Katika vinne hivi, ndicho kijiji pekee kinachompa faida hiyo.

Kijerumani ni habari ndefu zaidi. Shuleni na kwenye barua za ofisi utakutana na kile ulichosoma darasani, lakini dukani na kwenye mkutano wa kijiji ni lahaja. Na lahaja ya Valais imewashinda hata watu wa Zürich. Ya Avers ni binamu yake, kwa sababu niliyoeleza. Usivunjike moyo, ila usijidanganye kwamba cheti cha lugha cha ngazi ya B1 kitakutosha kucheka pamoja nao kwenye mkutano.

Kiitaliano cha Verzasca kina unafuu wake: irabu zimekaa kama za kwetu na matamshi hayasumbui. Wazee wana lahaja ya Kilombardi, lakini Kiitaliano cha kawaida wote wanacho.

Kufika

Rivaz ina kituo cha treni kwenye reli ya pembeni mwa ziwa, kati ya Lausanne na Vevey. Ofisini unafika chini ya nusu saa. Albinen unashuka treni kituo cha Leuk chini bondeni, kisha basi. Verzasca basi hutoka Tenero na kupanda bonde hadi Sonogno. Siku za kiangazi litajaa waogeleaji hadi ukose pa kukanyaga. Kwenda Juf unapanda basi la njano la posta kutoka Andeer, nalo huenda mwaka mzima, lakini theluji ikizidi barabara inaweza kufungwa na mpango wako wa kwenda kliniki ukalala.

Mwenye watoto aulize shule kabla ya yote. Albinen ilishapoteza shule yake ya kijiji, na watoto husafiri kwa basi.

Karatasi na kura

Wengi hulipuuza hili, kisha hulijutia.

Mwenye kibali cha B, yaani cha ukaazi wa muda, asiye raia wa Ulaya hahami tu jimbo kama anayehama mtaa. Huomba ruhusa kwenye jimbo analotaka kwenda. Akiwa mkazi anaweza kununua nyumba ya kuishi mwenyewe, lakini ya mapumziko sheria ya kuzuia wageni kununua ardhi humtaka apate kibali kwanza. Hata Mswisi mwenyewe amebanwa: tangu kura ya Machi 2012, manispaa ambayo nyumba za mapumziko zinazidi asilimia 20 kwa kawaida hairuhusiwi kujenga nyingine za aina hiyo. Milimani mzigo huo ni mzito, kwa kuwa nyumba nyingi nzuri zina mapazia yaliyofungwa miezi kumi ya mwaka.

Anayengojea uraia ahesabu kwa vidole. Sheria inataka miaka 10 nchini na kibali cha C, kisha kila jimbo linaweka muda wake wa ukaazi, kati ya miaka 2 na 5. Ukihama jimbo mwaka wa tisa, huenda ukaanza kuhesabu upya upande huo. Nimeona watu wakihamia mlimani kwa furaha, halafu wakalia kwenye dirisha la ofisi.

Kuhusu kura, majimbo hayalingani. Vaud, tangu katiba yake ya 2003, humpa mgeni aliyekaa Uswisi miaka 10, mitatu kati yake jimboni, haki ya kupiga kura na kugombea katika manispaa. Kwa hiyo Mkongo wa Rivaz anaweza kukaa kwenye baraza bila pasipoti nyekundu. Graubünden inaachia kila manispaa iamue. Valais na Ticino mgeni hana kura. Ule mkutano wa Albinen wa 71 kwa 29 mgeni asingenyoosha mkono, hata kama pesa zinazoamuliwa ni za watu kama yeye.

Kulingana na hali yako

Kama una kazi ya mjini usiyotaka kuiacha, na Kifaransa unacho, angalia Rivaz, kisha angalia mkoba wako. Ukikosa nyumba pale, na uwezekano wa kukosa ni mkubwa, vijiji jirani vya Lavaux viko kwenye reli ileile na vina ziwa lilelile. Anayetaka sauti kwenye mambo ya kijiji kabla ya uraia naye aanzie upande huu.

Kama ni familia yenye kibali cha C, chini ya miaka 45, na kazi inayofanyika Leuk, Leukerbad, Visp au kwa kompyuta nyumbani, Albinen ina mantiki. Uliza kwanza masharti ya sasa moja kwa moja ofisini kwao; usitegemee ujumbe wa binamu. Miaka 10 ni mirefu: mtoto wa miaka sita ataondoka hapo akiwa wa kumi na sita.

Kama wewe ni mtu wa mifugo, au unaandika, au umechoka na watu kiasi kwamba majirani 30 wanatosha, Avers itakupokea. Ila ni mahali ambapo kila mtu ana kazi ya lazima. Katika majimbo mengi kikosi cha zimamoto ni wanakijiji wenyewe, na mahali penye watu wachache huwezi kujificha nyuma ya wengine. Mwenye mgonjwa wa mara kwa mara nyumbani asiende kuishi huko. Aende Julai kutembea.

Verzasca inamfaa anayependa kusini, anayejua Kiitaliano au yuko tayari kujifunza, na ambaye kazi yake iko Locarno au Bellinzona. Chagua vijiji vya chini kama utashuka kila siku. Corippo penyewe pafanye pa kulala usiku mmoja, kwenye vile vyumba vya mawe, halafu hesabu asubuhi madirisha yenye taa.

Na kama bado umekwama kati ya viwili, nenda Novemba. Kiangazi vyote vinne vitakudanganya. Novemba waogeleaji wa Verzasca wamekwisha, majani ya mizabibu ya Rivaz yamepukutika, na Juf theluji imeshalala. Panda basi analopanda mwanafunzi, saa anayopanda yeye, uone uko na nani ndani.